Mgeni wa Siku ya Tatu Apewe Jembe

Neno kujitolea limeibwa mchana kweupe. Lilikuwa neno la mtu anayetoa jasho lake kwa ajili ya wenzake pasipo kudai ujira. Leo linauzwa kwa bei, likiwa limefungwa pamoja na tiketi ya ndege, chandarua na picha ya tembo. Kijana wa Ulaya au Marekani mwenye hamu ya kuiona Botswana hazikosi kampuni zilizo tayari kupokea fedha zake ili apate wiki mbili za kuhesabu wanyama porini, au kukaa darasani na watoto ambao lugha yao haijui. Kampuni inapata faida, na kijana anapata picha na sifa ya kuandika katika maombi yake ya kazi. Je, mwenyeji anapata nini?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako wanaodhani methali hiyo ni ya uchoyo. La hasha! Ni methali ya heshima kubwa kabisa. Inasema kwamba mgeni anayekaa si pambo la nyumba, bali ni mtu mzima awezaye kufanya kazi. Inasema vilevile kwamba jembe hukabidhiwa na mwenyeji, kazi hufanywa katika shamba la mwenyeji, na msimu ni wa mwenyeji. Biashara ya siku hizi imeipindua methali hiyo miguu juu. Mgeni anakuja na jembe lake, anajichagulia shamba, analima mstari mmoja akipigwa picha, kisha anaondoka kabla mbegu haijaota.

Basi yafaa pawepo mizani ya kumpimia kila anayejiita mtu wa kujitolea. Mizani hiyo ina maswali matatu. Nani kamwita? Nani anampa amri ya kazi? Na akiondoka, anamwacha nani awezaye kuifanya kazi ile ile? Asiyeweza kuyajibu maswali hayo ni msafiri, na hakuna ubaya katika kusafiri. Ubaya ni kusafiri kwa jina la wengine.

Botswana inafaa kuwa mfano kwa kuwa nchi hiyo imewaona wageni wa kila namna. Ilipopata uhuru tarehe 30 Septemba, 1966, ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Waingereza waliokuwa wakiitawala tangu mwaka 1885 hawakuwa wamejali hata kuweka makao makuu ya utawala ndani ya mipaka yake. Kwa miaka mingi nchi iliendeshwa kutoka Mafeking, mji ulio katika ardhi ya Afrika Kusini. Shule za sekondari zilikuwa chache mno, ukame ulikuwa umeua ng'ombe kwa wingi, na wanaume walikwenda kuuza nguvu zao katika migodi ya makaburu.

Katika hali hiyo ndipo alipofika Serowe, kijiji kikuu cha Bangwato, Patrick van Rensburg. Huyu alikuwa Mzungu wa Afrika Kusini aliyeitumikia serikali ya nchi yake kama mwanadiplomasia huko Kongo ya Wabelgiji, akajiuzulu mwaka 1957 kwa kuupinga ubaguzi wa rangi. Mwaka 1963 yeye na mkewe walifungua shule ya sekondari ya Swaneng Hill. Shule hiyo ilijengwa kwa mikono. Wanafunzi, walimu na watu wa kujitolea kutoka Uingereza, Skandinavia na kwingineko walichanganya udongo na kuinua kuta pamoja. Mwalimu aliyetoka chuo kikuu cha Ulaya aliishika sepeto sawasawa na mwanafunzi wake.

Lakini ushujaa wa Swaneng haukuwa katika sepeto za wageni. Ulikuwa katika jambo lililofuata. Mwaka 1965 ilianzishwa Brigedi ya Waashi kwa ajili ya vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa nafasi ya sekondari, yaani wale ambao mfumo wa elimu ulikuwa umekwisha kuwatupa. Vijana hao walijifunza uashi kwa kujenga majengo yenye kuhitajiwa. Majengo yalilipiwa, na malipo hayo yakasaidia kugharimia mafunzo. Zikafuata brigedi za wakulima, za maseremala na za wafumaji, na mpango ukaenea hadi Kanye, Mochudi na Molepolole. Mgeni aliyejua useremala alipewa vijana wa kuwafundisha. Kazi yake haikuhesabiwa kwa viti alivyovichonga yeye, bali kwa maseremala waliobaki alipokwisha kurudi kwao.

Hiyo ndiyo maana ya mgeni kupewa jembe. Wala haikuwa sadfa kwamba mwezi Machi, 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akisisitiza kwamba shule iwe pia mahali pa uzalishaji, na kwamba kijana asifundishwe kuidharau kazi ya wazazi wake. Serowe na Dar es Salaam zilikuwa mbali, lakini zilikuwa zikipambana na adui mmoja: elimu iliyorithiwa kwa mkoloni, ambayo ilitengeneza makarani wachache na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa maisha.

Isidhaniwe kwamba Swaneng ilikuwa pepo. Wanafunzi wengi walinung'unika. Walikuwa wameingia shule ili wapate cheti na kazi ya ofisini, nao waliona kazi ya mikono kuwa ni adhabu. Wazazi hawakuwa na mawazo tofauti. Baadhi ya wageni nao walikuja na ndoto zao za ujamaa bila ya kuuliza kama mwenyeji anaota ndoto hiyo hiyo. Van Rensburg mwenyewe alieleza waziwazi matatizo hayo katika kitabu chake Report from Swaneng Hill cha mwaka 1974. Hatimaye Serikali iliichukua shule, ikawa shule kama nyingine. Hata hivyo yeye hakufunga mizigo. Alikuwa raia wa Botswana, aliendelea na kazi ya elimu na uzalishaji, na mwaka 1984 alikuwa miongoni mwa walioanzisha gazeti la Mmegi. Alipofariki mwaka 2017 alizikwa kama mwenyeji. Mtu wa kujitolea anaweza kukosea na kazi yake ikafaa, maana anakuwapo siku ya kusahihisha. Anayekaa wiki mbili makosa yake husahihishwa na wengine.

Hapana haja ya kudanganyana kuhusu taasisi za dola. Peace Corps ni chombo cha Serikali ya Marekani, nacho kinatumikia pia jina la Marekani. Lakini hata chombo hicho kinajua tofauti inayozungumzwa hapa. Mtu wake hufundishwa lugha na desturi kwa kiasi cha miezi mitatu kabla ya kuanza kazi, kisha hukaa miaka miwili. Peace Corps ilifunga shughuli zake Botswana mwaka 1997. Ikarudi mwaka 2003, wakati nchi hiyo ilipokuwa miongoni mwa zilizopigwa vibaya kuliko zote duniani na UKIMWI. Serikali ya Botswana ilikuwa tayari imeanza, tangu mwaka 2002, kutoa bure kwa raia wake dawa za kupunguza makali ya ugonjwa huo kwa mpango uitwao Masa, maana yake mapambazuko. Mpango ulikuwa wa Botswana. Wageni waliingia katika safu iliyokwisha kupangwa na mwenyeji.

Sasa na tazamwe matokeo ya kuuacha mpango mikononi mwa mfanyabiashara. Mfano ulio wazi kabisa uko ng'ambo ya mpaka wa Botswana, katika nchi ya Afrika Kusini. Kwa miaka mingi vijana wa nchi tajiri walilipa fedha nyingi ili "wajitolee" katika mashamba ya kufuga simba, wakiwanyonyesha kwa chupa watoto wa simba walioelezwa kuwa ni yatima. Wengi wao hawakuwa yatima. Walikuwa wamenyang'anywa mama zao ili mama azae upesi tena, na mtalii apate kitoto kingine cha kubeba. Simba hao walipokua, wengi waliuzwa wapigwe risasi na wawindaji ndani ya uzio wasikoweza kukimbilia, na mifupa yao ikasafirishwa kwenda kuuzwa Asia. Filamu ya Blood Lions ya mwaka 2015 iliufichua uchafu huo mbele ya dunia, na mwaka 2021 Serikali ya Afrika Kusini ilitangaza nia ya kuikomesha biashara hiyo. Vijana wale hawakuwa wabaya. Walikuja na huruma, na huruma yao ikageuzwa bidhaa. Ikiwa hayo yaliwezekana kwa simba, ni mwalimu gani atakayeapa kwamba hayawezekani kwa mtoto wa binadamu, mahali ambapo yatima huleta fedha?

Wako watakaodai kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba shule isiyo na mwalimu haiwezi kumchagua mgeni. Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini ndani ni tupu. Mtoto anayebadilishiwa mwalimu kila wiki mbili hana mwalimu. Kila anayekuja huanza na salamu, nyimbo na rangi za kuchorea, kisha huondoka somo likiwa halijaanza. Tena ukuta unaojengwa na wageni wasiojua uashi humnyima ujira fundi wa kijiji hicho. Wengine watasema kwamba fedha za wageni zinasaidia. Kama ni fedha, na ziitwe fedha, zilipiwe kodi na zitolewe hesabu. Mtalii anayekwenda delta ya Okavango akalipia hema, mtumbwi na kiongozi wa njia hana hatia yoyote. Amenunua burudani, naye haiiti burudani hiyo sadaka.

Upande wa pili wa wizi huu unawahusu Watanzania zaidi. Mwalimu mhitimu asiye na ajira, anayefundisha vipindi kamili kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi, naye huitwa mwalimu wa kujitolea. Hivyo neno moja limetumika kwa tajiri anayenunua likizo na kwa maskini anayekosa mshahara. La kwanza ni biashara, la pili ni dhiki. Kujitolea kwenyewe kumeachwa bila ya jina.

Botswana ilipata kuonyesha njia ya tatu. Mwaka 1980 ilianzisha Tirelo Setshaba, yaani utumishi kwa taifa. Vijana waliomaliza sekondari walipelekwa kwa mwaka mmoja katika vijiji vya mbali, wakaishi na familia za huko, wakasaidia mashuleni, katika zahanati na katika ofisi za umma. Mtoto wa mkubwa wa mjini alijifunza umbali wa kisima kwa miguu yake mwenyewe. Mpango huo ulifutwa mwaka 2000, ukafufuliwa kwa sura nyingine mwaka 2014. Watanzania wanaijua hadithi hiyo, kwa kuwa Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963 lilisimamisha mafunzo ya vijana kwa mujibu wa sheria mwaka 1994, yakarudishwa mwaka 2013. Taifa linaloacha kuwatuma vijana wake vijijini lisishangae likikuta vijiji hivyo vimejaa vijana wa mataifa mengine wakipiga picha.

Mtumishi wa umma anayeletewa barua ya kumwombea mgeni nafasi shuleni au kituoni ana wajibu wa kuuliza maswali matatu yale yale: nani kamwita, nani atampa amri, na atamwacha nani. Mwalimu mkuu anayefumba macho kwa ajili ya mpira na maboksi ya madaftari amekiuza kitabu cha mahudhurio. Mgeni mwema hatakasirishwa na maswali hayo. Waliokwenda Serowe kwa kazi waliulizwa kazi wanayoijua, wakaonyeshwa mahali palipo na udongo.

Mgeni anakaribishwa. Apewe maji, apewe kiti, apewe siku zake mbili za heshima. Ya tatu ikifika, jembe na litoke ndani ya nyumba ya mwenyeji. Asiyelitaka, njia ya uwanja wa ndege anaijua.