Bei ya Abiria

Mabanda ya video yalitulea kwa hesabu ya watu wawili: stelingi na adui. Stelingi hafi, na adui hafi mapema. Waliobaki wote ni wa kupiga mayowe, kukimbia na kuanguka. Toleo hili linahusu picha ambazo hesabu hiyo haizitoshi, ingawa wengi wanaozitengeneza huilazimisha: picha za watu waliotekwa ndani ya basi au treni. Humo yumo mtu wa tatu, ambaye bila yeye hakuna fidia, hakuna mabishano ya redioni, hakuna hata huyo stelingi. Ni yule aliyelipa nauli.

Niseme mapema ninakoegemea, maana wenzangu kadhaa walioandika humu hawaegemei huko. Picha ya namna hii siipimi kwa mwendo kasi, wala kwa wingi wa magari yanayopinduka. Naipima kwa bei inayomwekea abiria: nani anaipanga, nani anailipa, na kwa sababu gani.

Ninayoirudia kila mara ni The Taking of Pelham One Two Three, iliyoongozwa na Joseph Sargent mwaka 1974 kutokana na riwaya ya John Godey iliyotoka mwaka mmoja kabla. Treni ya chini ya ardhi inaondoka kituo cha Pelham Bay Park, Bronx, saa 7:23 mchana, ambayo kwa saa ya Kizungu ni 1:23, na hapo ndipo jina lilipotoka. Wanaume wanne wenye makoti, kofia, miwani na masharubu ya kubandika wanapanda kila mmoja kituo chake. Wanaliteka behewa la mbele, wanalitenganisha na mengine, wanalisimamisha katikati ya handaki. Wanaitana kwa rangi, Blue, Green, Grey na Brown, mtindo ambao Quentin Tarantino aliuazima miaka 18 baadaye katika Reservoir Dogs. Wanataka dola milioni moja ndani ya saa moja. Kwa kila dakika itakayozidi, mateka mmoja atauawa.

Mateka ni 18, konda akiwemo. Gawanya mwenyewe: kichwa kimoja ni kama dola 55,500. Sasa nani atoe? Meya wa New York yuko kitandani na mafua, hataki kuamua lolote, na anachoogopa zaidi ni kuzomewa. Hazina ya jiji imekauka. Anayemtoa kitandani si polisi wala kasisi. Ni mke wake, anayemkumbusha kwamba akilipa atakuwa amejipatia kura 18 za uhakika. Watazamaji hucheka hapo, na wana haki. Mimi nacheka pia, kisha naona kwamba picha chache sana zimethubutu kutuonyesha jambo hili: uhai wa mtu wa kawaida ukiwekwa mezani, ukapewa tarakimu, ukajadiliwa na watu waliochoka, na mwishowe ukalipiwa kwa sababu isiyo na ushujaa hata chembe. Mwaka uliofuata New York halisi ilinusurika chupuchupu kushindwa kulipa madeni yake. Meya yule wa kuchekesha hakuwa ametiwa chumvi nyingi.

Bei nyingine inatajwa chini, katika chumba cha kuongozea treni. Msimamizi mmoja, mwenye hasira kwamba ratiba yake imevurugwa, anafoka akiuliza hao abiria kwa vijisenti vyao 35 walitaka nini, waishi milele? Senti 35 ndiyo iliyokuwa nauli ya jiji wakati huo. Kwa hiyo picha imetuwekea bei mbili za mtu mmoja yule yule, ile aliyolipa dirishani na ile anayodaiwa na mwenye bunduki. Saa moja na dakika arobaini na kitu za picha zinahangaika katikati ya tarakimu hizo mbili.

Tazama pia orodha ya waigizaji inayopita mwishoni. Abiria hawana majina. Wameandikwa kwa kazi zao na sura zao: mama, mzee, katibu muhtasi, mchuuzi, kijakazi, mlevi, kahaba, hipi. Wapo wanaoliita hilo dharau. Kwangu ni ukweli wa safari, kwani ndivyo tunavyojuana ndani ya chombo. Ukiulizwa leo ulikaa na nani kutoka Mbagala hadi Kariakoo utasema yule mama mwenye kapu, yule kijana wa spika za masikioni, na hutakuwa umemvunjia mtu heshima. Kasoro ya Sargent iko kwingine: wakishatekwa, hawapewi la kufanya. Ndani ya behewa yumo askari kanzu, na sisi pamoja na polisi wa juu tunakisia ni nani, lakini huyo naye ni mtu wa serikali. Abiria wa kweli anabaki kukaa, kusali, kulalamika na kulala. Mlevi analala karibu utekaji mzima, na nashuku ndiye mwenye akili kuliko wote.

Wanaofanya kazi ni wafanyakazi, na hapo ndipo picha inapokuwa na utajiri ambao warithi wake wameutapanya. Luteni Garber wa polisi wa treni, Walter Matthau mwenye uso uliokunjamana kama shati lililolaliwa, hana misuli wala bastola ya kujivunia. Ana kipaza sauti. Gari la polisi linaloleta fedha linapinduka njiani, muda umekwisha, naye anawadanganya watekaji kwamba fedha zimeshafika kituoni. Uongo huo wa kikarani unaokoa watu kuliko risasi yoyote inayopigwa. Baadaye watekaji wanashuka na kuliacha behewa likikimbia peke yake na watu ndani, baada ya kukichezea kile kishikio ambacho kwa kawaida dereva akikiachia treni husimama. Abiria wanagundua kwamba hakuna anayeendesha. Nani anawaokoa? Taa nyekundu, na kifaa kilichowekwa relini ambacho hukamata breki za treni yoyote inayoipita taa hiyo. Ni chuma tu, kilichofungwa na mafundi ambao hatuwaoni, kwa ajili ya siku kama hiyo. Sijui picha nyingine ya mapambano iliyothubutu kumpa ushindi mhandisi wa usalama.

Na mafua, nusura niyasahau. Meya anayo, na Green anayo pia. Huyu Green ni dereva wa treni aliyefukuzwa kazi, na anapiga chafya tangu anapopanda. Sitasema zaidi kwa ambao hawajaiona, ila waangalie mlango unapofunguliwa tena mwishoni.

Tony Scott aliitengeneza upya mwaka 2009, Denzel Washington akiwa Garber na John Travolta akiwa mtekaji, Ryder. Kila kitu kimepandishwa: fidia ni milioni kumi, kamera haitulii, na Garber hatoshi tena kuwa mtu wa kipaza sauti, ni lazima ashuke handakini, abebe fedha, ashike bunduki. Wamempa na doa la kulisafisha, tuhuma ya rushwa katika ununuzi wa mabehewa kutoka Japani. Washington analibeba vizuri, kama kawaida yake. Lakini jiji lote limegeuzwa kuwa ugomvi wa wanaume wawili wanaoungamana redioni, na abiria wamerudi kuwa mizigo.

Hata hivyo picha hiyo ina wazo moja ambalo ile ya kwanza isingeweza kuwa nalo. Ryder alikuwa mtu wa Wall Street. Fidia kwake ni pazia. Faida yenyewe iko katika soko la hisa litakalotetereka kwa hofu na dhahabu itakayopanda bei, na yeye ameshaweka fedha zake upande huo. Kiasi anachovuna kinaifanya milioni kumi ionekane nauli. Ilitoka miezi michache tu baada ya mabenki makubwa kuanguka mwaka 2008, na inasema jambo la kutisha kweli: kwa mtekaji wa sasa si lazima abiria auzwe kwa jamaa zake wala kwa jiji lake, inatosha habari zake zisikike. Laiti picha ingetulia hapo dakika tano. Haikutulia.

Katikati ya hizo mbili kuna Speed ya Jan de Bont, 1994, ambayo pengine kila msomaji ameiona, tena zaidi ya mara moja, tena kwenye basi la mkoani. Basi la jiji la Los Angeles lina bomu, na likishuka chini ya maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80, linalipuka. Keanu Reeves anaruka, anatambaa, anapiga kelele. Kwangu stelingi ni Sandra Bullock. Annie amepanda basi kwa sababu amenyang'anywa leseni kwa kukimbiza gari, na katika jiji lile anayepanda basi kwa kawaida ni yule asiye na gari. Dereva anapopigwa risasi, ni yeye, abiria mwenye adhabu ya mwendo kasi, anayeshika usukani na kulikimbiza basi kwa amri ya polisi. Utani huo una maana kubwa kuliko milipuko yote. Abiria ameacha kuwa bidhaa inayojadiliwa, chombo kiko mikononi mwake.

Kasi ile ile, kilomita 80, ilikuwa imeshatumiwa Japani mwaka 1975 katika picha ya Junya Sato kuhusu treni ya mwendo kasi yenye bomu, iliyotoka Tokyo kuelekea Hakata na abiria wapatao 1,500. Shirika la reli la taifa lilikataa kushiriki, wakatengeneza treni za vielelezo. Cha kipekee humo ni kwamba adui, akiigizwa na Ken Takakura, ni mwenye kiwanda kidogo kilichofilisika, na Sato anamchukulia muda wa kutosha mpaka tunamjua kuliko tunavyowajua anaotaka kuwaua. Ni picha ndefu, tena ya haki, lakini haki yenyewe haijawafikia waliokaa vitini. Mwaka 2025 Shinji Higuchi aliirudia kwa Netflix, safari hii kwa msaada wa kampuni ya reli, na akaligusa swali langu moja kwa moja. Mtekaji anataka yeni bilioni 100, na hazitaki kutoka kwa serikali wala shirika. Anazitaka kutoka kwa wananchi wote wa Japani. Serikali inagoma kujadiliana, na abiria mmoja, mtu wa mitandaoni mwenye kupenda kujitangaza, anaanzisha mchango akiwa ndani ya treni hiyo hiyo. Sisi tunaochangishana kila wiki kwa harusi, misiba na bili za hospitali tunaijua hofu iliyomo: kufungua simu na kuona watu wamekuthamini kwa kiasi gani.

Wengine watauliza kwa nini Entebbe, ile ndege iliyotekwa ikapelekwa Uganda, haimo katika toleo la gazeti la Afrika Mashariki. Nimeiacha kwa makusudi. Picha zake ni za makomandoo.

Lakini ipo moja ya kwetu ambayo singeweza kuiacha. Novemba 2014, karibu na mji wa Mandera, abiria 28 wa basi walitenganishwa na wenzao kwa dini yao wakauawa. Desemba 2015, karibu na El Wak, Al-Shabaab walisimamisha basi jingine wakitaka kufanya vivyo hivyo. Abiria Waislamu waliwapa Wakristo hijabu zao, wakakataa kutengana, wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu mmoja aliyekuwamo alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Kutokana na tukio hilo Katja Benrath, mwanafunzi wa uongozaji mjini Hamburg, alitengeneza Watu Wote mwaka 2017, picha ya dakika 22 hivi, iliyopigwa Kenya, ikizungumzwa Kiswahili na Kisomali, na ikafika hadi kwenye orodha ya wanaowania Oscar mwaka 2018.

Humo hakuna meya, hakuna redio, hakuna luteni. Washambuliaji hawataki fedha. Wanataka abiria wenyewe wafanye kazi ya kupanga bei, waseme nani ana thamani na nani hana, na abiria wanaikataa kazi hiyo. Jua, mwanamke Mkristo anayesafiri akiwa amejaa chuki yenye sababu zake, hapendi hata kukaa na wenzake hao, na picha haimlazimishi awapende haraka. Nalalamikia jambo moja: dakika 22 hazitoshi. Nilitaka kumjua zaidi dereva, na yule wa kwanza kuvua mtandio wake, alifikiri nini kabla ya kuuvua.

Hili ndilo ningependa waandishi wetu wa miswada walichukue, badala ya kumtafuta Keanu Reeves wa Ubungo. Visa havikosekani. Februari 1982 ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania, Boeing 737, ilitekwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Ikapitia Nairobi, Jeddah na Athens hadi Stansted, Uingereza, ambako watekaji, waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu, walijisalimisha. Sijaona picha yake. Mswada uko wazi: watu waliotoka nyumbani kwa safari ya ndani ya nchi wanashuka kwenye baridi ya Februari na nguo za Mwanza.

Na atakayeandika kuhusu daladala au matatu, tafadhali amwanzie konda. Anajua nani kapanda wapi, nani kalipa, nani anamdai chenji, ule mzigo chini ya kiti cha nyuma ni wa nani. Hakuna mpelelezi atakayeingia kwenye kisa akiwa na taarifa nyingi kiasi hicho, na hakuna adui atakayemkumbuka mpaka amechelewa.

Makala inayofuata inamtetea Tony Scott, inamsifu Travolta, na inaiita picha ya 1974 kuwa kikao cha ofisi chenye bunduki. Mwandishi wake nami tumebishana kwa simu hadi usiku. Nimempa kurasa za mbele, na sikumpunguzia hata sentensi.