Kabla ya kushusha wagoni, jina liandikwe

Wasikilizaji wetu wa Kalemie, na ninyi ndugu mlio kwenye kambi au mliopokelewa kwenye familia za mji, leo tuzungumze juu ya mgongo wa kibarua.

Vijana wenye simu nzuri wanacheza mchezo wa treni. Unasimamisha wagoni mbele ya depo, unabonyeza, mzigo umeshuka. Hakuna jasho, hakuna gunia lililopasuka, hakuna mtu wa kulipwa. Mchezo ni mchezo, siukatai. Lakini hata sisi wakubwa tunafikiri vilevile: gari moshi imefika kutoka Kabalo, basi unga wa bukari utashuka bei. Nani aliyeutoa ndani ya wagoni, hatuulizi.

Tupige hesabu. Wagoni yenye tani 40, kwa magunia ya kilo 50, ni magunia 800. Wakiwa watu kumi, kila mmoja anabeba magunia 80, yaani tani 4. Na hilo ni gunia la kiwandani. Lile la mahindi ya kijijini, linalojazwa mpaka mdomo unashonwa kwa kamba, linaweza kupita kilo 100. Wawili wanalinyanyua, mmoja analibeba. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza tangu 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55.

Kazi hii tumeirithi. Reli ilifika hapa ziwani 1915, kilometa 273 kutoka Kabalo, na kwa miaka mingi sasa mzigo wa Kigoma unatoka bwatoni kuingia wagoni, na mwingine unatoka wagoni kuingia bwatoni. Pale mashine isipofika, bega linafika.

Siku hizi pembeni ya wabebaji wa zamani wamo pia vijana na baba za watoto waliokimbia vita vya Nyunzu na kwingineko. Mtu aliyeacha shamba lake la muhogo hana nguvu ya kubishana. Akiambiwa bei baada ya kazi kwisha, anapokea. Akianguka kwenye ubao, mwenzake anachukua nafasi, naye anarudi kambini akichechemea. Kesho hakuna anayekumbuka kwamba alikuwepo.

Hapo ndipo penye shida: hakuna jina. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya Oktoba 2002, inasema kibarua wa siku kwa siku akitimiza siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mapatano yake yanahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo. Ni kipengele cha 40. Kinasomeka vizuri sana, lakini siku 22 utazionyesha wapi kama hukuandikwa hata siku moja? Hata CNSS, inayosimamia ajali za kazini, itaanzia wapi na mtu asiye kwenye karatasi yoyote?

Najua jibu la kapita: wagoni ikichelewa ni hasara, mwenye mali anapiga simu, mvua inakuja. Ni kweli. Lakini kuandika majina kumi kunachukua muda gani? Magunia yenyewe yanahesabiwa moja moja, tena na karani anayesimama mlangoni na bika yake. Huyo huyo aandike watu kwenye ukurasa wa pili, pamoja na bei ya gunia waliyopatana kabla mlango haujafunguliwa. Sioni kwa nini mahindi yawe na daftari na aliyeyabeba asiwe nalo.

Wakati tunangoja hilo, ndugu kibarua, nunua kadaftari kadogo. Andika tarehe, namba ya wagoni, jina la kapita, magunia uliyobeba na franka ulizopokea. Usiyejua kuandika, mwombe mtoto wako anayesoma. Wenzako wawili watie sahihi au kidole. Karatasi hiyo ndiyo utakayomwekea inspekta wa kazi mezani.