Pikipiki Iliyotumika kwa Nchi ya Milima

Familia nyingi za askari huweka akiba kwa muda mrefu ili kununua pikipiki iliyokwisha kutumika. Atakayeiendesha katika milima ya Kigezi hana budi kuichagua kwa uangalifu zaidi, kwani ile iendayo vyema Kampala yaweza kushindwa Kabale.

Kwanza, namba za injini na chesisi zilinganishwe na kitabu cha usajili. Zikitofautiana, mnunuzi na aondoke, hata bei ikiwa nafuu. Kisha injini iwashwe ingali baridi: moshi wa buluu usiokoma ni dalili kwamba inaunguza oili.

Kabale iko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na injini hupoteza karibu sehemu moja katika tano ya nguvu ambayo ingekuwa nayo pwani. Fundi aweza kurekebisha kabureta ipunguze petroli. Tena, gurudumu la mnyororo la nyuma lenye meno 42 likibadilishwa kwa la meno 45, mvuto huongezeka kwa asilimia 7, ingawa mbio hupungua.

Lakini kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Fedha za kwanza zitumike kwa breki, matairi na mnyororo, wala si kwa mapambo. Mtelemkoni dereva atumie gia ndogo, breki zisije zikapata moto na kushindwa kushika. Na kofia ngumu mbili zihesabiwe katika bei: ya dereva, na ya mama watoto aketiye nyuma yake.