BUNDUKI YA VIPANDE NAYO NI BUNDUKI



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la Wamarekani peke yao, yaani ule mtindo wa mtu kukaa nyumbani kwake na kujiundia bunduki ya kijeshi ya zamani kwa kuunganisha vipuri.

Mwezi Machi 2025 nilikuwa kwenye kibanda cha kahawa hapa kijijini. Redio ikatangaza kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji saba dhidi ya wawili, imeamua kuwa hata seti ya vipande vya bunduki inayouzwa ndani ya boksi inaweza kuhesabiwa kuwa silaha kisheria. Mzee mmoja aliyepigana Vita vya Kagera akanigeukia: "Mwalimu, kwani huko kwao bunduki huanza kuwa bunduki lini?" Sikuwa na jibu, naye akanicheka mbele ya watu. Leo namjibu hapa gazetini.

Mzee wangu, sheria yao ya mwaka 1938 ilisema bunduki ni silaha nzima pamoja na sehemu yake yoyote. Sheria ya mwaka 1968 ikaiondoa kanuni hiyo, kwa hoja kwamba haiwezekani kufuatilia kila skrubu. Tangu hapo, ukiacha silaha nzima, kipande kinachohesabiwa kuwa bunduki ni kile chuma cha katikati ambamo mtutu hufungwa na risasi huingia, ndicho chenye namba. Mtutu, kitako, kifyatulio na komeo vikabaki vyuma tu vya kununuliwa kwa posta. Ni sawa na kusema baiskeli ni fremu, lakini magurudumu, mnyororo na tandiko havihusiki. Tena sheria hiyo ya taifa haimdai kibali mtu anayejitengenezea bunduki ya kawaida kwa matumizi yake mwenyewe, ingawa baadhi ya majimbo yameweka masharti yao.

Kwa mlango huo mafundi wa nyumbani walipita. Chukua bunduki iitwayo M1 Garand, ya risasi nane, ambayo jeshi la Marekani liliichagua mwaka 1936 na ambayo zilitengenezwa zaidi ya milioni tano. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nyingine serikali yao wenyewe ilizikata kwa moto wa gesi kwenye kile chuma cha katikati na kuziuza kama vyuma chakavu. Watu wakanunua nusu ya huku na nusu ya kule, wakazichomelea, zikawa bunduki tena! Vita baridi ilipokwisha ikawa zamu ya silaha za Romania, Poland na Hungary, zikifika zimekatwa vipande, na mnunuzi akitafuta chuma kipya cha katikati ili aziunge. Mwaka 2005 idara yao ya silaha ilisimamisha mitutu iliyokuwa ikiingizwa pamoja na vipande vya bunduki za aina zilizokatazwa kuingia nchini. Kwa maneno mengine, walikwishaona wenyewe kwamba mtutu si chuma tu.

Sisemi kwamba kila afanyaye kazi hii ni jambazi. Wengine ni wapenda historia, kama walivyo kwetu watu wa kufufua Land Rover za zamani. Lakini Land Rover ikikosewa huzimika njiani. Bunduki iliyochomelewa vibaya, au ambayo nafasi kati ya komeo na ganda la risasi imezidi mno, inaweza kumpasukia mpigaji usoni. Kijana wa kijiji jirani na chetu alipoteza vidole viwili kwa gobole la bomba la maji. Nilimfundisha kuandika kwa mkono huohuo.

Hata hivyo ubaya mkubwa uko kwa wale waliokuja nyuma ya wapenda historia kwa mlango uleule. Wafanyabiashara walianza kuuza seti ambazo chuma cha katikati kimebakiza matundu machache tu kutobolewa, wakidai si bunduki bado, hivyo hakuna namba wala kuuliza mnunuzi ni nani. Seti moja iliyotajwa mahakamani iliungwa kwa dakika 21. Mwaka 2017 polisi wa Marekani walikamata na kuripoti bunduki zisizo na namba kama 1,600. Mwaka 2021 zilizidi 19,000. Ndipo serikali yao ikatoa kanuni mwaka 2022, na ndiyo iliyopingwa hadi kufika Mahakama ya Juu. Jaji Gorsuch, aliyeandika hukumu, alitoa mfano wa meza: mtu aliyenunua meza ya kuunga mwenyewe husema amenunua meza, ingawa bado imo ndani ya boksi. Mfano huo hata mtoto wa darasa la nne angeuelewa, lakini umechukua karibu miaka mitatu ya kesi. Tena haukugusa vipande vya bunduki ya zamani vinavyouzwa bila chuma cha katikati.

Sasa tujitazame. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha huhesabu mtutu, chuma cha katikati na komeo kuwa sehemu za kudhibitiwa. Marekani haijaitia saini. Mwaka 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogondogo. Katika hili sisi tulitangulia, na si dhambi kulisema.

Wapo watakaosema sheria haimzuii fundi mwenye nia mbaya, na watataja Japani, ambako Shinzo Abe aliuawa mwaka 2022 kwa bunduki ya kujitengenezea, ingawa sheria ya silaha huko ni kali sana. Ni kweli. Lakini muuaji yule ilimbidi ajitafutie mabomba na kujifunza kwa siri. Hakuletewa boksi mlangoni.

Ombi langu ni kwa Jeshi la Polisi. Kila wanapotangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari, hapa kwetu watu huelewa ni bunduki nzima tu. Wapo wazee wenye mtutu wa zamani darini au komeo ndani ya kopo la misumari, nao hawadhani kwamba wanahusika. Tangazo lijalo livitaje vipande hivyo kimoja kimoja, tena lisomwe kwenye mkutano wa kijiji, maana gazeti hutufikia likiwa limekwisha kufungia vitumbua.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Tunduru.