Taa ya Simu: Haja au Anasa?



Juma lililopita, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma akaniuliza: "Sheikh, mume wangu yuko Doha. Ametuma fedha ninunue balbu zinazowashwa na kuzimwa kwa simu, nyumba nzima. Mimi naona ni israfu, naye asema napinga maendeleo. Nani ana haki?"

Nikamwuliza hali ya nyumba. Akanieleza kuwa ni ya ghorofa, ngazi zake zina kiza, na mavyaa wake aliyepita miaka 70 huamka usiku kutia udhu, akipapasa ukuta kutafuta swichi.

Maulamaa wetu wametufunza kuwa israfu ni kupita kiasi hata katika halali. Basi hukumu haimo ndani ya kitu chenyewe, bali katika haja ya mwenye kukitumia. Natupime.

Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila usiku, hula yuniti 9 kwa siku 30. Ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia huo, nayo hula yuniti 1.35. Nafuu hiyo imo katika LED yenyewe, wala haimo katika simu. Balbu ya simu, hata ikizimwa, huendelea kunyonya umeme kidogo ikisubiri amri. Na mtoto akizima swichi ya ukutani, simu haina tena la kuamrisha. Anayeinunua kwa nia ya kuokoa tokeni na ahesabu upya.

Ama yule bibi, haja yake ni ya kweli. Mzee akianguka ngazini aweza kuvunjika nyonga asisimame tena. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha taa zizimwe watu walalapo, asije panya akaburura utambi akaiunguza nyumba. Hekima yake ni kulinda nafsi; na hekima hiyo hiyo leo yataka ngazi iwe na mwanga mzee apitapo. Lakini kwa hilo yatosha taa inayowaka yenyewe ikihisi mtu, isiyohitaji simu wala intaneti.

Alipoinuka kwenda zake, akasema kwa sauti ya chini: "Sheikh, kwa hakika naogopa atakuwa akijua nimelala saa ngapi na nimeamka saa ngapi."

Kumbe hilo ndilo lililomlemea. Na hofu yake ina msingi, kwani mwenye programu hiyo aweza kuona akiwa mbali taa ipi inawaka, na kuizima akitaka. Nyumba ni sitara, na Sura ya Al-Hujurat imekataza kupelelezana. Simsingizii mumewe nia mbaya. Huenda ni mapenzi ya aliye ugenini. Lakini mapenzi yasiyoulizia ridhaa hugeuka kuwa ulinzi.

Nikamshauri anunue taa mbili za kuhisi, moja ya ngazini na moja ya chooni, fedha zilizobaki ziwekwe. Kisha amwambie mumewe hofu yake waziwazi, asijifiche nyuma ya neno israfu. Wakikubaliana kutumia balbu za simu, basi amri yake na iwe mkononi mwa anayeishi ndani.

Wallahu aalam.