Ukiona hitilafu, sema: kisa cha ng'ombe wangu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaahidi kuandika habari za uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, lakini kwa kweli wiki hizi nilikuwa nahangaika na tasnifu, na nilipomaliza tasnifu nikanaswa na jambo jingine ambalo ndilo nataka kulisema leo. Uchaguzi usubiri. Wagombea wenyewe wamezoea kutusubirisha sisi.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi wanafunzi tunatumia programu za bure kila siku. Zikituharibia kazi tunatukana weee, pale pale chumbani, mwenzako wa kitanda cha juu anacheka, halafu basi. Hakuna anayemwambia aliyeitengeneza. Nasema hii ni tabia mbaya, na nasema kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nayo hadi mwezi uliopita.

Kwanza kisa. Mimi nasoma Kiswahili na isimu, si kompyuta. Tasnifu yangu inahusu msamiati wa wafugaji. Laptopu yangu ni ya mtumba, programu kubwa za kuandikia zinaichosha, kwa hiyo rafiki yangu wa chumba ambaye ndiye msomi wa kompyuta aliniwekea Vim. Kwa wasioijua, Vim ni kihariri matini, yaani programu ya kuandikia isiyo na mapambo yoyote. Inafunguka haraka, haili chaji, na ukishaizoea vidole vinakwenda vyenyewe. Watu wengine wameitengenezea nyongeza ndogondogo za kuipa uwezo zaidi. Akaniwekea moja ya kubadilisha maneno: unaweka kishale juu ya neno, unabonyeza vitufe viwili, unaandika neno jipya, na neno la zamani linabadilika faili zima.

Siku moja usiku msimamizi wangu aliniandikia kwamba katika sura ya pili nimesema "ng'ombe" mahali ambapo maelezo yanahusu mbuzi na kondoo pia, nibadilishe niseme "mifugo". Rahisi kabisa. Nikaweka kishale mwanzoni mwa "ng'ombe", nikaandika "mifugo", nikahifadhi, nikafunga, nikalala usingizi wa watu wema.

Asubuhi nafungua faili, jamani! "Wangu" imekuwa "wamifugou". "Nyingi" imekuwa "nyimifugoi". Mkoa wa Tanga, sijui wenyeji wake watanisamehe, umekuwa "Tamifugoa". Na ng'ombe mwenyewe? "Mifugo'ombe". Kurasa 80.

Nikajifanya mjanja, nikasema nitageuza: kila penye "mifugo" paweke "ng". Sikukumbuka kwamba neno "mifugo" halali kabisa lilikuwa limejaa kote, maana ndiyo mada yangu! Sasa nikawa na tasnifu inayozungumzia "soko la ng" na "magonjwa ya ng". Nakala niliyokuwa nimejitumia kwa barua pepe ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Siku tatu bila kulala. Niliona sapu inanikodolea macho.

Basi kwa hasira nikatafuta mahali ambapo watengenezaji wa ile nyongeza wanapokea taarifa za hitilafu, nikaandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne: programu yenu mbovu, imeniharibia tasnifu. Nikasikia moyo umetulia kidogo. Nilitegemea kimya, au matusi.

Kesho yake nikajibiwa. Mtunzaji wa nyongeza hiyo, mtu anayeifanya kazi hii jioni bila kulipwa, alisema pole, kisha akauliza mambo matatu. Ulifanya nini hatua kwa hatua? Ulitegemea nini kitokee? Kikatokea nini? Akaomba pia namba ya toleo, na mfano mdogo kabisa unaoonyesha tatizo.

Nilichukia, sikufichi. Niliona ananipa kazi mimi niliyeumizwa. Lakini rafiki yangu akaniambia, "Wewe ni kama shahidi. Umekwenda polisi ukasema 'nimeibiwa', ukaondoka. Nani atamkamata mwizi?" Tukakaa chini. Tukafungua Vim tupu, bila nyongeza nyingine yoyote, ili tusije tukamsingizia asiyehusika. Tukaanza kupunguza faili: kurasa 80 zikawa 10, zikawa aya moja, ukabaki mstari mmoja wa maneno mawili: "ng'ombe wangu". Ukibadilisha neno la kwanza kuwa "mifugo" unapata "mifugo'ombe wamifugou". Ugonjwa wote umo humo.

Na hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho kilikuwa cha fani yangu, si ya rafiki yangu. Kishale kikiwa juu ya "n", programu inashika "ng". Kikiwa juu ya "o", inashika "ombe". Yaani kwake ritifaa ni ukuta, neno linaishia hapo. Vim yenyewe, usipoibadilishia mipangilio, inahesabu herufi, tarakimu na kistari cha chini kuwa sehemu ya neno, lakini ritifaa haimo. Kwa Kiswahili hilo ni kosa, maana ng' ni sauti moja kamili. "Ng'oa" ni kazi ya daktari wa meno, "ngoa" ni wivu. Toa ritifaa uone utakavyomtibu mgonjwa. Kosa la pili lilikuwa la nyongeza: ikishashika "ng" inaibadilisha hata ikiwa katikati ya maneno mengine.

Nikaandika upya. Mistari kumi na miwili, bila tusi hata moja. Mtunzaji akajibu kwamba hakuwahi kufikiria lugha ambayo ritifaa ni sehemu ya herufi. Hakuwa na dharau wala nia mbaya. Hakuwa anajua tu, na hakuna aliyemwambia. Je, kabla yangu hakuna Mswahili aliyeitumia? Nina hakika alikuwepo. Alitukana chumbani, akalala.

Baada ya siku chache mtu mwingine wa kujitolea akaleta kiraka. Kiraka ni yale marekebisho machache ya msimbo yanayotakiwa kuziba tundu, na kabla hakijashonwa kwenye programu lazima wengine wakikague. Mtunzaji akaniomba mimi nikikague. Mimi! Nikamwambia sijui msimbo. Akasema kijaribu tu kwenye kazi yako halafu sema ulichoona.

Tukakiweka. "Ng'ombe wangu" ikawa "mifugo wangu". Upatanisho wa kisarufi umekufa, lakini programu imefanya kazi yake. Nilifurahi hadi nikaanza kuandika "safi kabisa, asante sana".

Wadau, hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu. Tumelelewa kwamba ukipewa kitu, pokea kwa mikono miwili na ushukuru, usikague mbele ya mgeni. Mtu asiyekujua amekaa usiku kakutengenezea kiraka bure, wewe uanze kumtafutia makosa? Ndivyo nilivyojiuliza. Hata kwenye kazi zetu za vikundi tunafanya hivyo hivyo: mmoja anaandika, wanne wanaweka majina bila kusoma, eti tusimvunje moyo. Tunaita heshima. Kisha mhadhiri anatupa wote alama moja mbovu.

Sikutuma ile shukrani. Nilichukua tasnifu nzima nikaijaribu, na yakatoka mawili. La kwanza: kiraka kiliifanya ritifaa kuwa herufi kama "a" au "b", kila mahali. Sasa sisi wa isimu tunapotaja neno tunalifunga kwa alama za mtajo zile moja moja, na alama hiyo kwenye kibodi ni kitufe kile kile cha ritifaa. Nyongeza ikawa inameza na alama za mtajo. La pili: sura ya tatu niliiandikia steshenari, kwenye programu nyingine, ambayo inageuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni alama mbili tofauti kabisa. Ng'ombe wa sura ya pili wakabadilika, wa sura ya tatu wakabaki wanachunga.

Nikaandika yote mawili, kila moja na mfano wake wa mstari mmoja, na mwanzoni nikashukuru kwa dhati. Unajua aliyeleta kiraka alisema nini? Alisema asante. Toleo la pili likaja baada ya siku nne: ritifaa inahesabiwa kuwa ya neno pale tu ilipo katikati ya herufi, iwe imenyooka au imepinda, na neno linabadilishwa likiwa zima tu. Nikajaribu tena, ikapita. Ya kwangu nayo ilikataliwa moja. Nilitaka nikibadilisha "ng'oa" ibadilishe na "kung'oa" na "aling'oa". Mtunzaji akasema hilo ni jambo jingine, lina ripoti yake, kiraka kimoja kizibe tundu moja. Nilinuna kidogo, lakini alikuwa na haki. Mambo matano ndani ya kiraka kimoja hakuna anayeweza kuyakagua vizuri.

Msidhani huu ni utani wa ng'ombe. Mwezi Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, alikuwa anapima mambo yake mengine akaona kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungesema mtandao leo mzito. Yeye alifuatilia, akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na mtu ambaye alikuwa amejenga uaminifu kwa miaka kadhaa hadi akakabidhiwa sehemu ya utunzaji. Tarehe 29 Machi akatangaza. Mlango ukafungwa kabla haujasambaa kote. Pale kulikuwa na watunzaji wachache waliochoka na wakaguzi hawapo, na akatokea mtu mmoja aliyeona kitu akasema.

Najua mtakachoniambia. Mtasema bando la kwangu, muda wa kwangu, kwa nini nimfanyie mtu kazi bure? Ni kweli, bando ni ghali na bumu haliji kwa wakati. Lakini na yeye alinifanyia bure. Aliyeitunga Vim, Mholanzi Bram Moolenaar, aliitoa mwaka 1991. Mwaka 1994 akaenda kujitolea kwa mwaka mmoja Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda karibu na mpaka wetu, kwenye kazi ya maji na usafi. Kutoka hapo, anayetaka kumshukuru alimwomba achangie watoto wa kituo cha kule, na kwa miaka mingi ukifungua Vim tupu ulikuta ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda. Alipitia viraka vya watu kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki tarehe 3 Agosti 2023. Sasa mimi ninayekaa jirani na Kibaale nashindwa kuandika mistari kumi na miwili?

Mtasema pia hawatusikilizi. Wengine kweli hawasikilizi. Kuna ripoti zinakaa miaka bila jibu, na Kiingereza kinatubana. Lakini ripoti yangu ya kwanza ingepuuzwa, ingekuwa haki yake, maana haikuwa na kitu cha kusikiliza. Ya pili ilikuwa na Kiingereza kile kile kibovu, ila ilikuwa na mfano. "Ng'ombe wangu" haihitaji sarufi ya Malkia.

Na lipo kubwa kuliko yote. Tunalalamika kila kongamano kwamba Kiswahili kimeachwa nyuma na teknolojia. Sawa. Lakini lugha haiingii kwenye kompyuta kwa maazimio ya kongamano. Inaingia ritifaa moja moja, kwa mtu aliyeona hitilafu akakaa chini akaieleza, na akakikagua kiraka bila aibu. Asiposema Mswahili, mtu wa mbali atajuaje kwamba ng' ni sauti moja?

Kile kiraka kimeshashonwa. Kwenye faili lao la majaribio, lile linaloendeshwa kila wanapobadilisha chochote, upo mstari wangu wa maneno mawili. Tasnifu nimekabidhi Jumatatu. Tanga imerudi kuwa Tanga.

Haya, hitilafu ya mwisho uliyokutana nayo, ulimwambia nani zaidi ya ukuta? Kama bado unaikumbuka, leo Jumamosi, kaa chini uiandike: ulifanya nini, ulitegemea nini, kikatokea nini. Mimi naenda kafeteria kabla maharage hayajaisha. Habari za uchaguzi wiki ijayo, panapo majaliwa na umeme.