Waifai ya duka ifungwe kama droo ya pesa

Kuanzia Gakoromone mjini Meru hadi soko la Embu, utakuta duka lina kufuli mbili, lakini ruta ya waifai ingali na nywila ya kiwandani: “admin”. Sisi tunasema huo ni mlango wazi. Anayeiteka ruta anaweza kukupeleka kwenye tovuti bandia inayoomba PIN. Basi leo badilisha nywila ya ruta yenyewe, chagua WPA2 au WPA3 ili data isimbwe, achana na WEP ambayo udhaifu wake ulianikwa 2001, na uzime WPS. Wateja wape mtandao wa wageni. Huo si uchoyo, jameni. Na PIN usiiandike kwenye tovuti inayokujia yenyewe, hata kama waifai ni yako.